Tahakiki ya Ubora na Kuaminika kwa Majarida ya Wasaka Metali nchini Uingereza

1. Utangulizi

Wapo nchini Uingereza maelfu ya watu ambao siku zao za mapumziko huzimalizia kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kila mmoja ameshika fimbo yenye sahani ya koili upande wa chini na amevaa vipokea sauti masikioni, akitembea polepole huku akiisikiliza ardhi. Katika tahakiki hii watu hao wataitwa wasaka metali, na mashine yao itaitwa kigunduzi. Imani inayowatoa nyumbani asubuhi ya baridi haiko mbali na methali yetu isemayo kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Majarida yao mawili makubwa ni Treasure Hunting, lililoanza mwaka 1977, na The Searcher, lililoanza mwaka 1985. Yote mawili yamekuwa yakitoka kila mwezi, na yote mawili hubeba mchanganyiko uleule: tathmini za mashine mpya, simulizi za waliookota, kurasa za utambuzi na bei, barua za wasomaji, habari za sheria, na matangazo mengi.

Swali linaloongoza tahakiki hii ni dogo kwa maneno: je, majarida haya yaaminiwe kwa kiasi gani? Majibu yaliyozoeleka ni mawili. Wanaakiolojia wengi, hasa wa kizazi kilichopambana na wasaka metali katika miaka ya 1980, waliyaona kuwa ni machapisho ya kuchochea uporaji, yasiyofaa kunukuliwa na msomi. Wasaka metali wenyewe, kwa upande wao, wameyatumia kama mwalimu, soko na baraza. Ninadai kwamba pande zote mbili zimefanya kosa moja, nalo ni kulipima jarida kana kwamba ni andiko moja lenye mwandishi mmoja. Jarida la aina hii ni jamvi ambalo juu yake wameketi watu wa nia mbalimbali: anayeuza, anayejisifu, anayefundisha, anayelalamika na anayeuliza. Kila mmoja ana sababu zake za kusema kweli na sababu zake za kuificha. Mhakiki asiyewatenganisha atawaamini wote au atawakataa wote, na katika hali zote mbili atapoteza kitu.

Huenda mtahini akauliza suala hili linaihusu nini taaluma ya uhakiki inayoendeshwa kwa Kiswahili. Jibu langu la kwanza ni kwamba simulizi ya mtu aliyeokota kitu ardhini ni utanzu wenye kanuni zake, na kanuni za usimulizi ndizo kazi yetu. La pili ni kwamba vigunduzi vimekwisha kufika kwetu. Wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanavitumia kutafutia dhahabu, na uvumi wa mali iliyofukiwa na Wajerumani bado unawapeleka watu kuchimba penye maboma na makaburi ya zamani. Maarifa yao husafiri zaidi kwa mdomo kuliko kwa maandishi. Kuona namna maandishi yalivyowafaa na yalivyowapotosha wenzao wa Uingereza kunaweza kutufaa sisi pia.

2. Tathmini za mashine

Nianze na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosomwa kwa hamu na mtu anayetaka kununua. Tathmini ya mashine katika majarida haya kwa kawaida huendeshwa hivi: mwandishi mzoefu hupewa au huazimwa kigunduzi kipya, hukieleza vitufe vyake, hukijaribu kwa kupitisha sarafu hewani mbele ya koili, kisha hukipeleka shambani kwa siku chache na kueleza alichopata. Mwisho hutoa hukumu. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya kusifu, yenye dosari mbili tatu ndogo zilizotajwa kwa upole: uzito wa mpini, mwanga wa kioo, waya unaonasa.

Sidai kwamba mhariri yeyote amepokea rushwa. Udhaifu upo katika mpangilio wenyewe na hauhitaji mtu mbaya ili ufanye kazi. Mtengenezaji ndiye anayetoa mashine ya kujaribiwa, na mtengenezaji huyohuyo ndiye anayelipia ukurasa wa tangazo. Jarida la wapenzi wachache haliishi kwa bei ya nakala peke yake. Mwandishi anayeandika kwamba mashine mpya haina tofauti kubwa na ya miaka mitano iliyopita anaandika jambo ambalo huenda ni kweli, lakini analiandika ndani ya nyumba ambayo kodi yake inalipwa na watu wanaotaka iaminiwe kinyume. Hali hii haikuanza na majarida ya Uingereza. Nchini Marekani, Charles Garrett aliyeanzisha kampuni ya vigunduzi huko Texas mwaka 1964 alikuwa pia mwandishi wa vitabu vya kuwafundisha wasaka metali, na vitabu hivyo vilitolewa na kampuni ya uchapishaji iliyokuwa chini ya mkono wake. Vitabu vile vina mafunzo mazuri kwelikweli. Hata hivyo, msomaji wake alikuwa anafundishwa kuvua na muuza nyavu.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale tathmini inapogusa kina, yaani umbali chini ya ardhi ambao kigunduzi kinaweza kukisikia kitu. Kina ndicho kinachouza mashine. Fizikia yake, lakini, haina huruma. Kigunduzi cha kawaida hutuma uga wa sumaku unaobadilikabadilika, uga huo huamsha mkondo wa umeme katika kitu cha metali, na mkondo huo hurudisha uga wake dhaifu kwenye koili. Uga unaokwenda hupungua kadiri ya umbali uliozidishwa wenyewe mara tatu, na unaorudi hupungua vivyo hivyo. Kwa hiyo, kwa kitu kidogo kilicho mbali ukilinganisha na ukubwa wa koili, nguvu ya ishara hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, ishara hubaki moja ya sitini na nne. Ukigeuza hesabu hiyo, mashine yenye uwezo wa kusikia ishara iliyo nusu ya ile iliyosikiwa na mashine ya zamani itakuwa imeongeza kina kwa takribani asilimia 12 tu. Karibu na koili mshuko huu hauwi mkali kiasi hicho, lakini mwelekeo ni uleule: maendeleo makubwa ya kiufundi huzaa sentimita chache. Mwandishi anayemwambia msomaji kwamba mashine mpya inafika kina ambacho ya zamani haikukiota ana wajibu wa kueleza amepimaje. Katika matoleo niliyoyasoma maelezo ya upimaji huo ni haba.

Jaribio la hewani, ambalo hupendwa kwa sababu ni rahisi, halisemi mengi kuhusu shamba. Hewa haina madini ya chuma, ilhali udongo unayo, na madini hayo hutoa ishara yake inayoufunika mlio wa sarafu. Jaribio la shambani nalo lina kasoro yake: anayejaribu anajua alipokifukia kitu, na sikio la anayejua husikia kile ambacho sikio la asiyejua lingekipita. Hakuna ugumu wowote wa kumwomba mtu mwingine afukie vitu kumi na kuacha mashimo kumi matupu, kisha mwandishi atafute bila kujua kipi ni kipi. Kwa majarida yanayojitangaza kuwa mwongozo wa wanunuzi, jaribio kama hilo lingekuwa jambo la kawaida.

Lipo pia suala la ubaguzi wa metali, yaani uwezo wa mashine kutambua takataka na kuzinyamazia. Pete nyembamba ya dhahabu na kishikizo cha kopo la alumini huweza kutoa ishara zinazokaribiana sana, kwa kuwa kigunduzi hakiijui dhahabu kwa jina. Kinapima tu jinsi kitu kinavyopitisha umeme kwa kadiri ya umbo na ukubwa wake. Kwa haki ni lazima niseme kwamba waandishi wengi wa majarida haya wanalijua hili na wamelirudia mara nyingi. Tatizo ni kwamba hulisema katika makala za mafunzo, si katika tathmini. Ukurasa mmoja unaonya, wa pili unasifu, na matangazo yapo katikati.

3. Simulizi za waliookota

Hapa ndipo moyo wa majarida haya ulipo, na hapa ndipo mhakiki anapopaswa kukaa kwa muda mrefu.

Muundo wa simulizi hizi unatabirika kama muundo wa ngano. Msimulizi anapewa ruhusa na mkulima. Hali ya hewa ni mbaya. Asubuhi nzima inaishia kwenye vifungo vya nguo, risasi za zamani, vipande vya risasi nyeusi vilivyoyeyuka, na makopo. Wenzake wanafungasha virago. Naye anageuka kuelekea kwenye gari lake, na akiwa njiani anasikia mlio wa mwisho. Anachimba. Panakuwa na mng'ao. Kisha inafuata simu kwa rafiki, furaha ya mkulima, na hatimaye neno la mtaalamu linalotaja karne na mfalme. Mlio wa mwisho kabla ya kwenda nyumbani una nafasi ileile aliyo nayo mtoto wa mwisho katika ngano zetu, yule asiyetarajiwa ambaye ndiye anayemshinda zimwi. Mtu mwenye shaka anaweza kuuliza iweje dhahabu ipatikane jioni tu. Bila shaka mlio uliotoa dhahabu huwa wa mwisho, kwa maana nani angeendelea kutafuta vifungo baada yake?

Kanuni ya utanzu haithibitishi uongo. Kisa cha Hoxne, katika jimbo la Suffolk, kingeonekana kimetungwa kama kisingekuwa na ushahidi kamili: tarehe 16 Novemba 1992 Eric Lawes alikwenda shambani kutafuta nyundo ambayo rafiki yake mkulima alikuwa ameipoteza, akaangukia hazina ya Kirumi yenye zaidi ya sarafu 14,800 pamoja na vyombo vya fedha na mapambo ya dhahabu. Nyundo nayo ilipatikana. La muhimu zaidi ni kwamba alipotambua ukubwa wa alichokifikia aliacha kuchimba na kutoa taarifa, na wanaakiolojia wakaifukua hazina hiyo siku iliyofuata. Kwa hiyo tunajua hata kwamba ilikuwa imewekwa ndani ya sanduku la mbao.

Kinachodhoofisha simulizi za majaridani ni mambo mawili ambayo hayatokani na uongo. La kwanza ni uteuzi. Siku tupu haichapishwi, au huchapishwa kama utangulizi wa siku iliyojaa. Msomaji anayezipokea simulizi hizi mwezi hadi mwezi hujengewa picha ya mashamba yanayotoa dhahabu kwa kila mwenye subira, na picha hiyo, ingawa kila sentensi iliyoijenga ni ya kweli, yenyewe si ya kweli. Majarida ya Marekani yalikwenda mbali zaidi katika njia hii, kwa kuwa na tanzu nzima ya hadithi za hazina ambazo hazijawahi kuonekana. Maarufu kuliko zote ni ya mgodi uliopotea katika milima ya Superstition huko Arizona, unaohusishwa na Jacob Waltz aliyefariki mwaka 1891. Msomaji wa Kitanzania hatashindwa kuitambua sura hiyo: mgeni aliyekufa na siri, ramani isiyokamilika, alama juu ya jiwe. Ni mali ya Mjerumani kwa jina lingine. Majarida ya Uingereza kwa sehemu kubwa yaliepuka tanzu hii, na hilo ni la kuyasifia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Simulizi hizi hazitaji mahali. Kitu huokotwa katika shamba moja mashariki mwa nchi, au katika ruhusa yangu mpya, au karibu na njia ya kale ya Warumi, na hapo maelezo huishia. Mtu anayesoma kwa jicho la kiakiolojia huona katika ukimya huu dhambi kubwa. Kitu kisicho na mahali kimepoteza nusu ya maana yake, na pengine zaidi ya nusu. Chungu cha Frome, kilichopatikana Somerset mwaka 2010, kilikuwa na sarafu 52,503. Aliyekiona, Dave Crisp, alisimamisha kazi na kuwaita wataalamu, nao wakakitoa tabaka kwa tabaka. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba sarafu nyingi za Carausius, zilizokuwa miongoni mwa zile za karibuni zaidi, hazikuwa juu kama ambavyo zingekuwa kwenye kibubu kinachojazwa mwaka hadi mwaka, bali zilikuwa chini zaidi. Chungu kilijazwa kwa mkupuo. Kama sarafu hizo zingemwagwa kwenye ndoo, hakuna mtaalamu ambaye angeweza kulirudisha jambo hilo.

Kwetu mfano ulio wazi ni Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Uchimbuzi wa mwaka 1984 ulitoa zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa mwambao. Sarafu hizo hazina mwaka. Umri wake ulikadiriwa kwa sababu zilifukiwa pamoja na dinari za dhahabu za kigeni, na ujirani huo ndio uliosaidia kuuweka ukoo wa watawala hao katika karne ya 11. Mtu mwenye kigunduzi ambaye angezitoa dinari usiku na kuziacha sarafu za fedha, au kinyume chake, angekuwa ameondoka na historia yetu bila kujua kwamba anayo mfukoni.

Pamoja na hayo, ukimya wa msimulizi wa Kiingereza una sababu ambayo mhakiki hawezi kuipuuza. Katikati ya miaka ya 1980 hekalu la Kirumi la Wanborough, katika jimbo la Surrey, liliporwa sarafu kwa maelfu na watu walioingia usiku, baada ya mahali pake kujulikana hadharani kupitia mwenendo wa mahakama. Tukio hilo lilichangia kwa kiasi kikubwa madai ya kubadilisha sheria. Lilikuwa pia somo kwa msaka metali mwaminifu: akilitaja shamba, wezi wa usiku watafika kabla ya wanaakiolojia. Kwa hiyo jarida linaficha mahali ili kulilinda, na kwa kulificha linaliondolea taarifa yake thamani. Sioni namna ya kulitatua jambo hili ndani ya jarida linalouzwa kwenye rafu ya duka. Lilitatuliwa, kwa kiasi, nje ya jarida, ulipoanzishwa Mpango wa Kuandikisha Mambo ya Kale Yanayohamishika mwaka 1997, kwanza katika maeneo machache ya majaribio, na kuanzia mwaka 2003 katika Uingereza nzima na Wales. Ofisa anaandika mahali kwa usahihi, lakini umma unaonyeshwa mahali kwa ujumla tu. Vitu vilivyokwisha kuandikishwa kwa njia hiyo ni zaidi ya milioni 1.

Lakini mpango huo ulianza mwaka 1997, na jarida la kwanza kati ya haya mawili lilianza mwaka 1977. Kuna miaka 20 kati yake. Katika miaka hiyo vigunduzi vilishuka bei na kuenea, na uhasama ukafikia kilele kwa kampeni ya mwaka 1980 iliyojulikana kwa kifupi kama STOP, iliyowataka wananchi wawaone wasaka metali kuwa wanaiba historia yao. Wasaka metali walijibu kwa kujipanga, na baraza lao la taifa liliundwa mwaka 1981. Katika maeneo machache, hasa Norfolk, wanaakiolojia walichagua kuzungumza nao na kuandika walichokipata. Kwingineko milango ilifungwa kutoka pande zote mbili. Kwa vitu vingi vilivyotoka ardhini katika kipindi hicho, kilichobaki ni picha ya rangi hafifu na aya tatu katika toleo la zamani la jarida.

Ndiyo maana msimamo wa kuyakataa majarida haya ni anasa ambayo mtafiti hawezi kuimudu. Swali linageuka: ukurasa wa namna hiyo usomwe vipi? Pendekezo langu ni kwamba usomwe kinyume na utaratibu wake. Msimulizi ameweka nguvu zake zote kwenye kitu cha thamani. Hapo ndipo anapoweza kutia chumvi, kuficha au kukosea. Katika aya ya asubuhi tupu, ile ambayo msomaji wa kawaida anairuka, hana sababu ya kufanya lolote kati ya hayo. Hakuna anayedanganya kuhusu vifungo. Orodha ya takataka zake, aina za risasi, vipande vya vyombo, vizito vya mizani, misumari iliyomchosha, ni maelezo ya mkusanyiko wa vitu vya shamba lile, yaliyotolewa bila nia na bila ulinzi. Vivyo hivyo anaposema kwamba udongo ulinata buti, kwamba plau ilikuwa imepita wiki iliyotangulia, kwamba mteremko ulielekea mtoni, kwamba mnara wa kanisa ulionekana. Alificha jina la shamba akaacha mlango wa nyuma wazi. Mtafiti anayefahamu ramani za eneo hilo anaweza mara nyingine kupakaribia mahali penyewe, naye akifika huko atakuwa amechukua pia dhima ya ukimya. Haitakuwa busara kuuchapisha ugunduzi huo kwa namba za gridi katika tasnifu iliyo wazi kwa kila mtu.

Njia hii ina mipaka. Kumbukumbu ya msimulizi imepita mikononi mwa mhariri aliyetaka kurasa mbili. Picha nyingi za zamani hazina kipimo, au kitu kimewekwa kando ya sarafu ya kisasa ambayo mtu asiye Mwingereza hajui ukubwa wake. Zaidi ya hayo, vitu vyenyewe mara nyingi vilikuwa vimekwisha kusafishwa. Fasihi ya zamani ya usakaji ilipendekeza kusafisha kwa mkondo wa umeme, njia inayoondoa ganda la kijani la shaba iliyozeeka pamoja na uso wa kitu uliokuwa umehifadhiwa ndani ya ganda hilo. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema na kwa lugha ya kirafiki, na pengine ndio uliofanya uharibifu mkubwa kuliko uzushi wowote uliowahi kuchapishwa.

4. Kurasa za utambuzi na bei

Sehemu hii naipitia haraka, kwa kuwa ubora wake hauna utata mkubwa. Msomaji hutuma picha na kuuliza ameokota nini, na mtaalamu hujibu: bizimu la mkanda la karne ya 15, kibanio cha vazi cha Kirumi, uzito wa mizani. Hapa jarida limefanya kazi ambayo makumbusho yalichelewa kuifanya. Limewafundisha watu wasio na shahada kutazama. Usahihi wake unatokana na jambo moja la kawaida kabisa: anayejibu anajua kwamba toleo lijalo litabeba barua ya mtu anayejua zaidi. Palipo na uwezekano wa kukosolewa hadharani, makosa hupungua. Tathmini za mashine hazina mlinzi wa aina hiyo, kwa sababu aliyekwisha kununua mashine ya bei ghali hapendi kuandika kwamba alikosea.

Doa pekee ni bei. Kando ya jibu la kitaalamu huwekwa makadirio ya paundi, na makadirio hayo hutegemea hali ya kitu, msimu wa mnada na bahati. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba yanampa msomaji sababu ya kuuliza swali la pili kabla hajaelewa jibu la kwanza. Katika kesi ya hazina iliyopatikana karibu na Leominster mwaka 2015, ambayo waliyoiokota walitiwa hatiani mwaka 2019, sarafu zilizokadiriwa kufikia 300 hivi zilikuwa zimetawanywa kwa wauzaji, na 30 hivi tu ndizo zilizokuwa zimepatikana hadi wakati wa hukumu. Zilikuwa sarafu zenye uwezo wa kubadilisha tunayoyajua kuhusu wafalme wa karne ya 9. Watu wale walijua bei.

5. Kurasa za sheria

Katika masuala ya sheria majarida haya yamekuwa, kwa jumla, sahihi kuliko yanavyodhaniwa, kwa kuwa kosa la kisheria linaweza kumpeleka msomaji mahakamani na kulishushia jarida heshima. Yalieleza kwa bidii Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 ilipoanza kutumika Septemba 1997: kwamba kitu chenye umri wa miaka 300 au zaidi na chenye dhahabu au fedha isiyopungua asilimia 10 kitolewe taarifa ndani ya siku 14 kwa hakimu mchunguzi, yuleyule ambaye siku nyingine huchunguza vifo vya mashaka. Ugumu ni kwamba jarida moja husomwa chini ya sheria kadhaa. Uskoti ina utaratibu wake, ambapo kila kitu cha kale kinachookotwa ni cha kutolewa taarifa, na katika Jamhuri ya Ireland, tangu mwaka 1987, kutumia kigunduzi kutafutia vitu vya kiakiolojia bila idhini ni kosa. Simulizi ya kupendeza iliyoandikwa Essex inaweza kumtia matatani msomaji wa Cork.

Sheria nayo hubadilika, ilhali nakala iliyokwisha kuchapwa haibadiliki. Tarehe 7 Oktoba 2010 kofia ya vita ya Kirumi iliyopatikana Crosby Garrett, katika jimbo la Cumbria, iliuzwa mnadani na Christie's kwa takribani paundi milioni 2.28. Makumbusho ya Carlisle yalikuwa yamechangisha fedha kwa juhudi kubwa lakini yakashindwa. Kofia hiyo ilikuwa ya aloi ya shaba, na ilikuwa kitu kimoja pekee, kwa hiyo haikuhesabiwa kuwa hazina. Jarida lililomwambia msomaji wa mwaka ule kwamba shaba iliyookotwa peke yake haiingii katika sheria lilimwambia kweli. Tangu tarehe 30 Julai 2023 tafsiri ya hazina imepanuliwa nchini Uingereza na Wales, nayo sasa inagusa pia vitu vya metali vyenye umri wa zaidi ya miaka 200 ambavyo vina umuhimu wa kipekee kwa historia, hata kama havina dhahabu wala fedha. Matoleo ya mwaka 2010 yangali yanauzwa kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika na kuazimana katika vilabu vya wasaka metali, na ukurasa wake wa sheria unasomeka kwa uhakika uleule kama siku ulipotoka mtamboni.